London hadi New York: kwa nini kwenda saa 8, kurudi saa 7?

Mkuu, umeuliza kama tiketi yako imekosewa, maana umbali ni uleule. Haijakosewa. Kwa mstari mfupi kabisa ni kama kilomita 5,550, na ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 6 na dakika kadhaa, lakini muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka mlangoni, kwa hiyo kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka vyote vimo.

Tofauti unayoiona inaletwa na upepo. Juu kule, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Ukirudi London unakusukuma kwa nyuma. Tazama skrini ya kiti chako, utaona kasi imevuka kilomita 1,000 kwa saa! Ukienda New York, rubani anapambana nao au anauzunguka.

Halafu usichanganye na saa za ukutani. London iko mbele kwa saa 5, hivyo ukiondoka New York saa 2 usiku utafika saa 2 asubuhi, ilhali umekaa angani saa 7 tu.