Maswali yenu: tarti ya nyanya na chizi ya mbuzi

Haya ni majibu ya mliyouliza kuhusu mapishi yangu ya tarti, ile pafu pestri (pestri ya matabaka) inayookwa na nyanya na chizi ya mbuzi juu yake. Leo naanza na swali linalorudi kila mara, maana naona kabisa watu wanauliza kabla ya kusoma.

Kwa nini chini inabaki mbichi na majimaji? Nimeoka dakika 25 kama ulivyosema.

Dakika hazina kosa, kosa ni maji, na hili nimelisema mpaka sauti imekauka. Nyanya karibu asilimia 95 yake ni maji tu, sasa wewe unaikata, unaipanga mbichi juu ya pestri, unanyunyiza chumvi pale pale halafu moja kwa moja oveni, chumvi inaanza kazi yake ya kuvuta maji na yote yanashukia kwenye unga, hapo hata uoke saa nzima kingo zitaungua na katikati patabaki tope. Kata slaisi za nusu sentimita, toa mbegu kama ni nyanya kubwa, nyunyiza chumvi, ziache kwenye chujio au juu ya tishu za jikoni dakika 20 mpaka 30, kisha zibonyeze taratibu kwa tishu nyingine mpaka ziwe kavu juu. Baada ya hapo usiongeze chumvi, chizi nayo ina ya kwake. Kabla ya kupanga nyanya paka haradali nyembamba au nyunyiza chenga za mkate mkavu, zitanywa kile kitakachobaki.

Na trei ipate moto kwanza ikiwa tupu ndani ya oveni, halafu ndo utelezeshe pestri juu yake ikiwa kwenye karatasi yake ya kuokea. Moto uwe digrii 200 hadi 220, kama oveni yako ina feni punguza 20. Wanaooka kwa 160 kwa kuogopa kuunguza ndio hao hao wanaoniandikia kuhusu tope.

Pestri yangu haikuumuka kabisa. Niongeze hamira?

Hapana jamani, hapana. Pafu pestri haihitaji hamira, inanyanyuliwa na mvuke. Siagi iliyokunjwa humo ndani ina maji kama asilimia 16, yakikutana na moto mkali yanageuka mvuke, mvuke unasukuma matabaka juu na siagi inayazuia yasishikane. Ukikunja unga mara tatu tatu kwa raundi sita unapata matabaka 729 ya siagi, kazi yote hiyo mtu ameifanya, halafu wewe unaiacha pestri mezani karibu na jiko mpaka siagi inayeyuka na kuingia kwenye unga, kutakuwa na nini tena cha kunyanyuka? Ukiitoa friza ipeleke friji usiku kucha. Ikianza kunata mkononi irudishe friji dakika 15 hata kama wageni wameshafika.

Kisu nacho kiwe kikali na ukate kwa kushuka chini, usiburute. Yai la kupaka lisichuruzike pembeni kwenye mkato, linayagandisha matabaka na upande huo haunyanyuki. Na ukinunua soma pakiti kujua kama ni siagi au mafuta ya mimea, zote mbili zinaumuka lakini ya mafuta inaacha utando mdomoni, mimi siinunui.

Ule mstari wa kisu unaochorwa pembeni mwa pestri ni lazima?

Lazima. Sentimita 2 kutoka ukingoni, usikate mpaka chini, kisha choma choma katikati kwa uma ili pasifure.

Nyanya za kopo zinafaa?

Hazifai. Ziweke kwenye mchuzi.

Chizi yangu ya mbuzi haikuyeyuka ikavutika kama ya piza, nimeuziwa feki?

Hujauziwa feki. Chizi laini ya mbuzi inagandishwa zaidi kwa asidi, na asidi hiyo inaondoa kalsiamu kwenye protini, kwa hiyo ikipata moto inalainika na kupata rangi kidogo juu, haivutiki. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Naomba msiifunike na mozarela mbichi ili mpate kuvutika, mnaongeza maji juu ya maji na ule uchachu wa chizi ya mbuzi, ambao ndio sababu ya kuitumia, unapotea. Imegemege vipande vikubwa, vya kuonekana, na thaimu juu yake.

Hapa niongeze jambo ambalo muulizaji hakuuliza ila naona watu wanalichezea. Mtu mwenye aleji ya maziwa ya ng'ombe usimpe chizi ya mbuzi ukidhani umemsaidia, protini zinafanana mno na wengi wao zinawadhuru vile vile, na laktosi, yaani sukari ya maziwa, nayo imo. Mjamzito naye asile chizi ya maziwa ambayo hayajapasteurishwa, yaani hayajapashwa moto kuua vijidudu, wala ile ya ganda jeupe laini ikiwa haijaokwa mpaka ikafuka moshi, kwa sababu ya bakteria wa listeria. Kuipasha juu juu hakutoshi.

Basili niweke lini?

Ikishatoka oveni. Ikiingia ndani inakuwa nyeusi na chungu.

Naweza kuiandaa leo nikaioka kesho?

Pestri ikiwa tupu, imekatwa na kuchorwa mstari, ndiyo, ifunike ikae friji. Ukishaweka nyanya hakuna kusubiri, inaingia oveni muda huo huo. Iliyobaki baada ya kula ipashe oveni digrii 180 kama dakika 8, ikiwa wazi bila kufunikwa. Maikrowevu inalainisha kila tabaka, na tafadhali msiniulize tena kama kuna seting ya maikrowevu inayofaa, haipo.