Kale kamoyo kwenye yai nani kakaambia kadunde?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Buswelu hapa Mwanza, nafuga kuku na nina mashine ya kutotolesha ya mayai 60. Juzi usiku, siku ya nne, namulika mayai kwa tochi ya simu nikaona mishipa myekundu imetanda kama utando wa buibui alafu katikati kuna kidoti kinadunda, nikasimama pale mpaka mke wangu akaja kuniita. Nani anakiambia kianze kudunda wakati hata kifaranga hakijaonekana? La pili ndo linaniuma, mtoto wa kaka yangu kazaliwa na tundu kwenye moyo na bi mkubwa anasema shemeji ndo kasababisha, mana alibeba ndoo za dagaa mwaloni Kirumba huku ana mimba. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo linalokuuma: hapana, sio ndoo za dagaa, na naomba bi mkubwa asomewe hapa.

Sasa turudi kwenye yai. Kile kidoti ulichokiona kilikuwa kimeanza kudunda siku mbili nyuma, kabla hujawaza hata kuwasha tochi. Moyo ndo kiungo cha kwanza kufanya kazi, kwa kuku, kwa samaki, kwa binadamu. Seli za kushoto na za kulia zinasogeleana katikati, zinaungana zinakuwa bomba, bomba linaanza kudunda alafu linajikunja kuelekea kulia, na kuta za ndani zinajengwa huku kazi inaendelea, yani ni kama kujenga nyumba watu wameshahamia.

Anaetoa amri ni jeni, yani vipande vya maelekezo ya kurithi vilivyomo ndani ya seli. Kila seli inayo maelekezo yote ila hayawashwi yote, kuna jeni ambazo kazi yao ni kuwasha zenzake, kama fomeni saiti. Mwaka 1993 mtafiti Rolf Bodmer alionyesha kwamba kuna jeni moja ya vile vinzi vya matunda ambayo ikiharibika mdudu hapati moyo kabisa. Sisi wenye uti wa mgongo tunayo ndugu yake, inaitwa NKX2-5. Panya wa maabara walipozimiwa hiyo jeni bomba lao lilitokea na likadunda, ila likashindwa kujikunja wakafia tumboni. Kwa hiyo kwetu fomeni sio mmoja, wapo wengine kama GATA4 na TBX5 wanaoshikana mikono, na mimi hapo ndo huwa nastaajabu kila nikifundisha, kinzi na mtoto wa Buswelu wanatumia amri karibu ileile.

Mwaka 1998 ikajulikana kuna familia ambazo matundu ya moyo yanarithiwa kwa sababu ya kasoro kwenye NKX2-5. Kasoro ya TBX5 yenyewe inagusa moyo pamoja na mikono, mtoto anaweza kuwa na kidole gumba kisicho kawaida au hana kabisa, so mkienda kliniki daktari aone na mikono ya mtoto.

Hesabu sasa na bi mkubwa. Moyo wa mtoto unaanza kudunda kama wiki tatu tangu mimba itunge, hapo siku za mama zimechelewa wiki moja tu, wengi hata hawajapima. Wiki ya nane kuta zimeshajengwa. Kuna vitu kweli vinaongeza hatari miezi hiyo ya mwanzo, rubela (ugonjwa wa virusi unaoleta vipele), kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa, lakini kwa watoto wengi hakuna sababu moja ya kunyooshea kidole, na karibu mtoto mmoja katika kila 100 anazaliwa na hitilafu ya moyo, wake za matajiri wasiojua hata ndoo inashikwaje wanazaa watoto hao hao. Mwache shemeji apumue, ana kazi ya kulea.

Mtoto apigwe eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Matundu madogo mengi yanaziba yenyewe, makubwa yanafanyiwa upasuaji, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar wanafanya. Akiwa anahema haraka, anatoka jasho akinyonya au haongezeki uzito, msisubiri tarehe ya kliniki.

SWALI: Mwalimu mi napara samaki Igombe, je sato nae moyo wake una vyumba vinne?

JIBU: Hapana mama, ana viwili vya kusukumia, kimoja kinapokea damu kingine kinasukuma, inapita kwenye mashavu inachukua hewa inaenda mwilini moja kwa moja. Ukuta wa katikati hauhitaji, kwa hiyo hana pa kutobokea kama kwa yule mtoto. Kesho ukimfungua angalia kooni kwa chini, nyuma tu ya mashavu, utaona kitu chekundu kidogo, akiwa katoka majini sa hivi utakikuta bado kinadunda.