Usiifute Alama ya (+) Kabla ya Kuielewa

Wiki hii msomaji aliyeajiriwa karibuni kutunza hifadhidata ya Oracle ameniandikia kuuliza maana ya alama ya kujumlisha ndani ya mabano, (+), iliyotapakaa katika kwiri (amri za kuchota data) za mtangulizi wake, na kama anaweza kuiondoa. Nimefurahi kuulizwa, kwani alama hiyo ndiyo iliyonipa heshima kazini, japo heshima yenyewe walipewa wengine.

Chama cha akiba na mikopo nilikofanya kazi kilikuwa na ripoti iliyopaswa kuonyesha wanachama wote, wenye mikopo na wasio nayo, lakini wasio nayo hawakuonekana. Mtaalamu aliyeitwa kutoka nje aliilaumu sintaksia ya zamani, akaiandika upya kwiri yote kwa LEFT JOIN, njia mpya ya kufanya kazi ile ile ya (+), akalipwa, na wanachama wale wale wakaendelea kukosekana. Niliomba kwiri ya awali nikaisoma taratibu (w ni jedwali la wanachama, m ni la mikopo):

WHERE w.namba = m.mwanachama (+)
AND m.hali = 'HAI'

Alama hiyo huwekwa upande wa jedwali linaloruhusiwa kukosa mstari unaolingana, ambalo hapa ni la mikopo. Mwanachama asiye na mkopo hupewa NULL, yaani pasipo na thamani, katika safu zote za mkopo. Kisha sharti la pili, lisilo na alama, hudai hali iwe HAI, na kwa kuwa NULL hailingani na chochote, mwanachama huyo huachwa nje. Ilitosha kuandika m.hali (+) = 'HAI'. Katika sintaksia mpya sharti hilo lilipaswa kukaa kwenye ON, sehemu ya masharti ya kuunganisha majedwali, naye mtaalamu alikuwa ameliacha kwenye WHERE, inayochuja baada ya kuunganisha, akahama na kunguni wake, yaani kosa lile lile. Ripoti ilipokaa sawa, barua ya pongezi ilimtaja yeye. Sijalisahau hilo, na sioni sababu ya kujifanya nimelisahau.

Vijana, msiwadharau waliowatangulia. JOIN ya kuandikwa wazi iliingia katika kiwango cha SQL, lugha ya kuandikia kwiri, cha mwaka 1992, na Oracle iliipokea katika toleo la 9i, mwaka 2001. Aliyeandika (+) kabla ya hapo hakuwa na JOIN hiyo ya kutumia. Oracle bado inaikubali, kwa hiyo hakuna haja ya papara, ila ukiichanganya na JOIN katika kwiri moja utakataliwa kwa kosa la ORA-25156. Wenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, hawana nafasi hiyo, kwa sababu alama yao ya *=, iliyofanya kazi kama (+), haifanyi kazi tena tangu toleo la 2012.

Ukiamua kuiandika upya, na mimi nakushauri uamue baada ya kuelewa, endesha kwiri mbili pamoja kwa MINUS, kwanza ya zamani kutoa mpya, kisha mpya kutoa ya zamani. Zote zikirudi tupu, linganisha na idadi ya mistari kwa COUNT, maana MINUS huondoa mistari inayojirudia.