Muulize Mwalimu: Panzi ana njaa, sisimizi ana ghala

Barua za mwezi huu zimejaa wanyama. Toleo lililopita niliandika kwamba mtoto aonjeshwe hekaya za pesa kabla ya kununuliwa kibubu, na kumbe wengi wenu mlikwisha kujaribu, wengine yakawatokea puani. Nimechagua barua nne.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Nilimsomea kisa cha panzi aliyeimba kiangazi kizima, baridi ilipofika akaenda kuomba chakula kwa sisimizi mwenye ghala, ili ajue kuweka akiba. Kweli kimemwingia: ana kibubu chake na hagusi hata sarafu moja. Shida ni kwamba mdogo wake alipomwomba amkopeshe kidogo anunue penseli za rangi, alimjibu, "Ulikuwa wapi wakati mimi naweka?" Mama yake alicheka. Mimi sikucheka. Nimfanyeje? — Baba wa Wawili

Marahaba, baba. Mwanao kaelewa kisa vizuri mno, hapo ndipo penye tatizo. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1762, aliwaonya wazazi juu ya jambo hili hili. Alisema ukimsimulia mtoto kisa hiki ukidhani atajifunza kwa makosa ya yule aliyeimba kiangazi kizima, unajidanganya, kwa sababu mtoto hupenda kusimama na mshindi. Atajiona yeye ni sisimizi. Na sisimizi hakuishia kumnyima mwenzake, alimsimanga juu yake. Mwanao kachukua yote mawili.

Rousseau alifikia kutaka hekaya ziwekwe mbali na watoto wadogo. Hapo mimi na yeye tunaachana. Kisa kikimpotosha mtoto, mletee kisa kingine kibishane nacho. Na kipo, tena katika visa hivyo hivyo vinavyohesabiwa kuwa vya Aesop, msimulizi wa Ugiriki ya kale, ila wazazi wengi hawajakutana nacho. Kinasema zamani sisimizi alikuwa binadamu, mkulima asiyetosheka na mavuno yake, akawa anaiba ya majirani. Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, akachukizwa na uroho wake akamgeuza mdudu. Umbo likabadilika, tabia ikabaki, na hadi leo anapita mashambani akikusanya alicholima mwingine. Msomee hicho leo usiku, usiongeze neno. Darasani kwangu watoto walikuwa wakikisikia wananyamaza kwanza, kisha zogo linaanza, na zogo hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Kesho yake rudini kwa panzi, lakini mara hii mchukue panzi wa Jean de La Fontaine, Mfaransa aliyetoa hekaya zake za kwanza mwaka 1668. (Kwake yeye ni nyenje, si panzi. Mtoto hatajali.) Nyenje huyo haombi sadaka, anaomba mkopo. Anaahidi kulipa kabla ya mavuno ya Agosti, mtaji pamoja na riba, na anaapa kwa imani ya mnyama. Sasa hapo pana mazungumzo ya pesa! Muulize mwanao: je, utamkopesha? Atalipa kwa nini huyu, naye kazi yake ni kuimba? Kuna mtu angeweza kumlipa kwa kuimba? Riba ni nini, na kwa nini aitaje bila kuulizwa? Mtoto wa miaka 9 anayaweza maswali haya yote, mradi usimjibie.

Kisha mpe vifungo 14 viwe punje za ghalani. Mwambie baridi ni ya wiki 6 na kila mdudu anakula punje moja kwa wiki. Akimkaribisha panzi watatumia 12 na kubaki na 2. Sasa mwambie mwaka huu huenda baridi ikafika wiki 8. Wakiwa wawili watahitaji 16, na ghalani hazimo. Akiwa peke yake, atamaliza baridi ana 6 ambazo hakuzila. Mwache akune kichwa. Atagundua mwenyewe kuwa kati ya "nakupa yote" na "ulikuwa wapi?" kuna nafasi kubwa: kumpa panzi wiki 3, kumpa nusu punje, kumpa kwa sharti la kufagia ghala. Nimewahi kuona mtoto akiamua sisimizi ale nusu punje ili mgeni naye ale nusu. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kuhusu mdogo wake na penseli, usimlazimishe kutoa. Pesa alizoweka ni zake. Lakini lile jibu la kusimanga mkatalie wazi, kama baba, wala usipitie kwa mdudu yeyote.

Mwalimu, habari za kazi. Wangu ana miaka 4 tu. Nianze na hekaya ipi ya pesa? — Mama Kifunguamimba

Salama, mwanangu. Hakuna. Msimulie yule mbwa aliyebeba mnofu mdomoni, akaona kivuli chake majini, akaupanua mdomo ili achukue na wa pili. Mwigize mbwa, mdondoshe kitu mdomoni, mcheke. Neno "pesa" lisitajwe. Kwa umri huo, akishajua kwamba kushika kingine kunaweza kukuachisha ulichonacho, amejua vya kutosha. Niandikie tena akifika miaka 6.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 11 na anapenda sana kuandika, ila hadithi zake hazina kichwa wala miguu. Ni "halafu" juu ya "halafu" kurasa tatu, kisha anamaliza "nikazinduka, kumbe ilikuwa ndoto". Nilisikia ukisema hekaya zinafundisha na mpangilio wa hadithi. Kivipi? Mimi naona ni fupi mno. — Mama Mwandishi

Marahaba, mama. Ufupi wake ndio unaonifaa. Hadithi ya kurasa tatu ina mahali pengi pa kujificha, hekaya ya mistari minane haina. Wala si ugunduzi wangu. Quintilian, mwalimu wa ufasaha katika Roma ya karne ya 1, alitaka wanafunzi wadogo waanze na hekaya za Aesop: wazisimulie kwa lugha nyepesi, waziandike kwa wepesi ule ule, kisha wazieleze upya kwa maneno yao, mara kwa kufupisha, mara kwa kurefusha. Nami nilitumia njia hiyo miaka yote ya ubaoni. Hekaya moja iandikwe kwa sentensi tatu, kisha ukurasa mzima, kisha irudishwe sentensi tatu. Sentensi tatu za mwisho huwa si zile za mwanzo, na tofauti hiyo inafaa kujadiliwa.

Anza na mkata kuni na shoka lake. Shoka limetumbukia mtoni, anakaa ukingoni analia. Mungu Hermes anapiga mbizi, anaibuka na shoka la dhahabu: ni lako? La, si langu. Anaibuka na la fedha: ni lako? La. Anaibuka na lile lake lenyewe, naye anasema ndiyo, hili. Hermes anampa yote matatu. Mwenzake kusikia hivyo, akaenda akatupa shoka lake makusudi, akakaa akalia. Hermes akaibuka na la dhahabu. Ni lako? Ndiyo, langu hasa! Basi akakosa la dhahabu, na lake pia halikurudi.

Mwambie binti yako atafute sentensi moja ambayo ukiibadilisha, kila kinachofuata kinabadilika. Mimi huiita sentensi ya bawaba, maana hadithi nzima inageukia hapo. Hapa ni jibu la "si langu". Watoto wengi huanza kwa kusema ni pale shoka lilipotumbukia, nao nawaelewa, pana kishindo. Lakini shoka kutumbukia ni ajali, halikuchagua. Bawaba iko kwa mtu anayeweza kusema ndiyo au la, na kila jibu lina kitu cha kupoteza. Tena tazama ujanja wa kisa hiki: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyorudiwa na jibu moja limegeuzwa. Mtoto anapewa zoezi na majibu yake kwa pamoja.

Ndiyo maana sitenganishi somo la pesa na somo la hadithi. Anayetumia sarafu ameacha kitu kingine alichoweza kununua nayo, na mhusika akichagua ameacha njia nyingine aliyoweza kupita. Mtoto anayeijua bawaba ya hadithi anaanza kuiona na dukani. Na ile ndoto ya binti yako sasa unaelewa inaniudhi kwa nini: mtu akizinduka, hakuna aliyelipia chochote.

Sasa hizo "halafu". Usizipige marufuku, mpe badala yake "lakini" na "kwa hiyo". Mwandikie hivi: "Mtu alikuwa na bata, halafu bata akataga yai la dhahabu, halafu mtu akamchinja, halafu hakukuta kitu." Kisha hivi: "Mtu alikuwa na bata aliyetaga yai la dhahabu, lakini mwenyewe aliona kungoja kunamchelewesha utajiri, kwa hiyo akamchinja ayapate yote kwa mpigo, lakini ndani alikuta matumbo kama ya bata mwingine yeyote." Matukio ni yale yale. Ila ya kwanza ukitoa kipande katikati hasikitiki mtu, ya pili ukitoa kipande inaporomoka. Akimaliza hapo, achukue hadithi yake mwenyewe, aweke mstari chini ya kila "halafu", na kila moja aijaribu kwa "kwa hiyo". Isiyokubali, ama ifutwe ama ipewe sababu.

Na neno moja kuhusu ule mstari wa mwisho unaoanza "hadithi hii inatufundisha kuwa". Uzibeni kwa karatasi. Katika mikusanyo ya kale mstari huo ulikuwa kipande cha kubandika. Mara nyingine uliwekwa hata mwanzoni, umsaidie msemaji aliyetafuta mfano wa kutia katika hotuba yake. Kwa hiyo binti yako ana haki ya kubandika wake. Kwa bata yule niliwahi kupata "uroho ni mbaya", ambalo kila mtu huandika, na pia "usikate kitu ambacho hujui kinafanyaje kazi". Huyo wa pili nilimpa alama zote.

Mwalimu, kijana wangu wa miaka 14 anasema hekaya ni za watoto. Anataka mambo ya biashara na uwekezaji. Je, umri umeshampita? — Mjomba Mlezi

Haujampita, mjomba, ila usimpe tena kisa kimoja kimoja. Mpe viwili vinavyogombana. Mweke sisimizi pembeni ya yule bahili aliyeuza mali yake yote, akanunua bonge la dhahabu, akalizika, akawa anakwenda kulitazama kila siku. Mtu akamvizia akaliiba. Jirani alipomkuta analia akamwambia: chukua jiwe ulifukie pale pale, litakufaa vile vile, maana hata dhahabu ilipokuwepo hukuitumia. Swali kwa kijana: sisimizi anageuka bahili siku gani? Akikupa jibu la haraka, muulize tena kesho.

Au mpe yule kijana mwenzake aliyetapanya urithi hadi akabaki na joho. Akamwona mbayuwayu mmoja, ndege anayerudi na kiangazi, aliyekuja kabla ya wakati wake, akasema kiangazi kimefika, akaliuza na joho. Baridi ikarejea, mbayuwayu akafa, na kijana akabaki anatetemeka. Wanaonunua kitu kwa sababu bei yake imepanda juma moja watajitambua humo.

Lakini kwa mtu anayetaka biashara, mimi ningempa mtawa wa Kalila na Dimna, hekaya zilizotoka India na kuandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Mtawa huyo alipewa kila siku posho ya samli na asali. Akala, kilichobaki akakitia mtungini, hadi mtungi ukajaa. Siku moja amelala chali, fimbo mkononi, mtungi umening'inia juu yake, akaanza kupiga hesabu: nitauza, nitanunua mbuzi kumi, watazaa kila baada ya miezi mitano, baada ya miaka watapita 400, kila mbuzi wanne nitanunua ng'ombe mmoja. Kisha mashamba, nyumba, mke, mtoto wa kiume. Mtoto akinikaidi nitamchapa hivi! Fimbo ikapiga mtungi, samli ikamwagikia kichwani.

Usimwambie kijana kuwa funzo ni kutojenga maghorofa hewani, atapiga miayo. Mpe kalamu aukague mpango ule kama mtu aliyeombwa kuweka pesa yake humo. Mimba ya mbuzi peke yake ni kama miezi mitano, kwa hiyo mtawa hakuwapa mbuzi wake hata siku moja ya kupumzika. Wote kumi ni majike? Dume limetoka wapi? Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeugua, majani hayakuisha. Soko nalo, siku ya kuuza mbuzi 400 kwa mkupuo, bei itakuwa ile ile? Mwambie arekebishe kila mstari kwa makisio anayoweza kuyatetea, aone mbuzi wanabaki wangapi. Mtungi ulijazwa kwa akiba ya kweli, kidogo kidogo, bila kosa lolote, kwa hiyo na hilo amuulize mtawa: kwa nini hakuuza mtungi wake mapema, hata kwa mbuzi wawili?

Akimaliza hesabu zake, nitumie nakala. Nitakazozipata nitazichapa toleo lijalo, pamoja na makosa yake.