Bangi inaongeza spidi gani?
Kaka unauliza bangi inaongeza spidi gani mpaka mwanariadha wa Marekani Sha'Carri Richardson akafungiwa mwezi mzima 2021 na kuikosa mita 100 ya Olimpiki Tokyo, sasa ujue si lazima iongeze spidi. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wanaangalia vitu vitatu, kinasaidia ushindi, kinahatarisha afya, kinaenda kinyume na roho ya michezo, kikigusa viwili tu tayari kinaweza kuingia listi ya marufuku. Sha'Carri mwenyewe alisema alivuta baada ya kusikia mama yake mzazi kafariki, tena ilikuwa Oregon huko bangi ruksa, yaani stresi tu wala hakuwa anatafuta mbio. Halafu marufuku ni kipindi cha mashindano tu, kinaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya shindano, ila ndo hivyo mkojo hausahau haraka, unavuta leo wanaikuta siku kadhaa mbele. Mi naona hata wanariadha wenyewe hawaiweki kapu moja na EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, anayechoma sindano ya EPO anaibia wenzake, huyu kajiharibia mwenyewe. Na 2023 kwenye mashindano ya dunia Budapest si kachukua dhahabu ya mita 100 kwa sekunde 10.65