Kwa mnaoanza kazi ya mihogo: acheni kung'oa miche isiyofanana

Wadogo zangu mliopangiwa vitalu huku Muheza na Mkinga, kila msimu nawaona mkirudia jambo lilelile. Miche ya mbegu za tunda imeota, mmoja mrefu, mwingine kibete, mwingine majani membamba, na kabla nzi weupe, wadudu wanaoeneza virusi vya magonjwa ya muhogo, hawajaanza kuruka mmeshang'oa nusu yake ili mgeni akija aone mistari imelingana. Kitalu cha kuchagulia miche bora hakitakiwi kulingana!

1. Pingili, kile kipande cha shina cha kupandia, ni mama yuleyule. Ukikata mia kutoka shina moja, umepanda mmea mmoja mara mia. Mbegu ya tunda ina nusu ya jeni kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, hubadilishana vipande kabla hazijagawanywa. Ndiyo maana hata mbegu tatu za tunda moja hutoa miche mitatu tofauti.

2. Msipulize dawa ya nzi weupe kwenye kitalu hicho. Mkiwaua, hamtajua mche upi ungesimama wenyewe.

3. Msigawe shina moja kijiji kizima. Hapa nitakaa, maana bado linaniuma. Mwenzenu mmoja, kijana mchapakazi, alipata shina tamu lenye mizizi minene. Akalizalisha, akagawa pingili nyumba kwa nyumba, mpaka watu wakang'oa mihogo yao ya zamani kuupisha huo mpya. Mavuno ya kwanza akaombewa dua. Kisha ukaingia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu mnaujua: majani yanaweza kuonekana mazima, mwenye shamba akaendelea kupiga hesabu ya ada za watoto hadi siku ya kuvuna. Akina mama waking'oa, wakimenya, wanakuta ndani mabaka makavu ya kahawia. Shamba la pili hivyohivyo, na la tatu, kwa kuwa yote yalikuwa mmea mmoja, na kilichoushinda mmoja kiliishinda yote. Bibi mmoja alikuwa amegoma kung'oa mihogo yake ya mchanganyiko, pamoja na miche iliyojiotea pembeni mwa shamba. Kwake nako mingi ilioza, lakini mingine ilitoka misafi, na kijiji kikaenda kwake kuomba cha kupanda. Kijana yule alikuwa na bidii ileile ninayoiona kwenu, ndiyo maana nawasemea kwa ukali.

4. Msiwaambie wakulima kwamba mmea "umezoea" ugonjwa. Tofauti zilikuwepo kabla ugonjwa haujafika. Ugonjwa huiondoa miche isiyo na kinga, inayobaki ndiyo inayozaa. Ukame na joto hufanya vivyo hivyo, na hatujui kipi kitatangulia, basi tunatunza hata mche ambao leo hauna sifa.

5. Mkipata nafasi, pandeni mlimani Usambara mkafike Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha zamani. Huko, miaka ya 1930, watafiti Storey na Nichols walichavusha muhogo kwa jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará, ambao mizizi yake si chakula cha mtu. Vizazi vya mwanzo havikuwa na mizizi ya kutamanisha, ninyi mngevifyeka asubuhi yake. Wao walichavusha tena kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, wakibakiza iliyostahimili batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kuyatia mabaka. Mbegu za kazi hiyo zilifika Nigeria, zikazaa mmea uliopewa namba 58308, na katika ukoo wake ikatoka aina ya muhogo iitwayo TMS 30572. Batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda miaka ya 1990, hiyo ni mojawapo ya aina zilizorudisha muhogo mezani. Fikirini kama mtu angekipamba kitalu cha Amani!

6. Kila mche uwe na kibao chenye namba ya mama na ya baba. Andikeni kwa penseli, wino wa kalamu unafutika na mvua za masika.