MRI ya moyo yenye gadolini: kovu liko wapi, na ni kiasi gani?

Mtu akiambiwa msuli wa moyo wake umenenepa kwa ugonjwa wa kurithi, huuliza kwanza: milimita ngapi? Milimita zina maana. Ukuta wa chumba kikubwa cha kushoto ukifika 15 kwa mtu mzima, bila shinikizo la damu wala kasoro ya vali inayoueleza, ugonjwa huo unatajwa; kwa mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa, 13 zinatosha. Lakini unene hata eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, huupima, ingawa mara nyingine hupitwa na ncha ya moyo. Tunachokitafuta kwa MRI, picha ya sumaku, tukidunga gadolini, dawa inayong'arisha picha, ni kovu.

Gadolini haiingii ndani ya seli hai. Hukaa kwenye nafasi zilizo kati yake. Msuli mzima, yaani usio na kovu, una nafasi ndogo, hivyo dawa hupita upesi. Kwenye kovu nafasi ni pana na dawa hukawia. Ndiyo maana picha za kovu hupigwa dakika 10 hadi 20 baada ya sindano. Kiasi cha dawa ni milimoli 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 70 hupewa milimoli 7 hadi 14.

Hapa ndipo kazi huharibika. Mtaalamu wa mashine huchagua muda wa kusubiri kati ya mpigo wa mawimbi ya mashine na kuchukua picha, aghalabu milisekunde 200 hadi 350, unaoufanya msuli mzima uwe mweusi tii ili kovu ling'ae. Muda ukiwa mfupi mno, msuli mzima hupata ukijivu na kovu hufifia au hupotea kabisa. Tena dawa inavyozidi kuondoka mwilini, muda huo hurefuka, kwa hiyo aliyeupanga mara moja akauacha hadi mwisho hupata picha za mwisho mbovu. Doa jeupe nalo lisiitwe kovu mpaka lionekane kwenye mikato miwili inayokingamana. Na msuli ukikataa kabisa kuwa mweusi, tusikimbilie kulaumu mashine: huenda ni amiloidi, protini inayorundikana kwenye msuli, ambayo nayo ina aina ya kurithi na matibabu yake ni mengine.

Mahali pa kovu panasema mengi. Kovu la mshipa wa moyo ulioziba huanzia tabaka la ndani. La unene wa kurithi huwa mabaka katikati ya ukuta, hasa palipo nene zaidi na pale chumba cha kulia kinapoungana na ukuta wa kati. Ugonjwa wa Fabry, wa kurithi unaorundika mafuta kwenye seli, hupenda ukuta wa nyuma upande wa kushoto, karibu na shina la moyo. Kovu linalouzunguka moyo kama pete kwenye tabaka la nje hutufanya tuulizie jeni ya desmoplakini au filamini C.

Kabla ya kipimo, pima kreatinini, taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo. Figo zikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika, daktari achague aina ya gadolini iliyo salama zaidi. Taja ujauzito, mzio wa dawa hii na chuma chochote mwilini. Mwenye kifaa cha kustua moyo aulize kama kituo kina mbinu ya masafa mapana (wideband), kwa sababu bila hiyo chuma hung'arisha msuli usio na kovu ukafanana na kovu. Fanya mazoezi ya kutoa pumzi na kuizuia sekunde 10 hadi 15. Pumzi ikiponyoka, picha hutia ukungu.

Majibu yakisema tu "kuna kovu", yarudishe. Kwa unene wa kurithi, kovu linalofikia asilimia 15 ya uzito wa msuli wa kushoto huongeza hatari ya kifo cha ghafla na huingia kwenye uamuzi wa kuweka kifaa hicho cha kustua moyo. Omba asilimia iandikwe pamoja na njia iliyotumika kuipima, kwani njia mbili hutoa namba mbili kwa moyo uleule. Chukua na nakala ya picha zenyewe: kipimo kijacho kitalinganishwa nazo.